Kiroboto cha Mama Nice

Watu wa Bukiriro waliosema Deodata ana dharau hawakumsingizia. Alikuwa nayo tele, na alijua wa kumpa. Aliwadharau wanaume wanaofuta gari vumbi kila asubuhi lakini hawajui oili inamiminwa wapi. Aliwadharau mafundi wanaoinamia injini sekunde tatu, wakatikisa kichwa na kusema, "Hapa mama ni kufungua yote." Aliwadharau mawifi zake waliosema gari lisilobeba mkungu wa ndizi si gari. Na kwa mwaka mzima tangu mumewe afariki, dharau yote iliyobaki alimwekea mtu mmoja: shemeji yake Elick, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akisubiri kwa hamu siku ya kumaliza matanga ili ukoo umkabidhi gari. Gari la Deodata, mnisikie vizuri. Alilinunua yeye kwa jasho lake, na sasa kila mtu analiita gari la marehemu.

Mama huyu ni wa Nyantakara, kule Biharamulo. Kabla hajaolewa aliuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu pale Lusahunga, ambako magari yaliyotoka bandarini hupita mbio kupelekwa Rwanda na Burundi. Wenzake walitamani yale makubwa ya mabosi. Yeye alipenda vigari vidogo vya mbio, vile vinavyokata kona vimelala chini na mlio unabaki nyuma. Aliviangalia mpaka mahindi yakaungua, akatukanwa na wateja, na kesho yake akaviangalia tena.

Akaolewa Bukiriro na Mwalimu Derick, akazaa binti yao Nice, akafungua duka la mbegu na dawa za mimea Ngara mjini, akalima kahawa, akafuga nguruwe. Siku alipopata uwezo hakununua shamba wala hakuezeka nyumba upya. Alileta kigari chekundu, milango miwili, gia za mkono, chenye turbo ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu, tumbo liko chini kiasi kwamba kuku akitaka kupita uvunguni anainama. Watoto wa jirani waliona jinsi kinavyoruka kikikanyagwa mafuta, wakakiita Kiroboto. Jina likakaa.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na akilikumbuka mpaka leo anajitukana mwenyewe. Siku ya kuandikisha kadi alitoa jina la mumewe. Hakuna aliyemlazimisha, wala Derick hakuomba. Ila huku kwetu mwanamume akipanda gari la mkewe wanamcheka mpaka kilabuni, wanasema huyo kaolewa, na Deodata akaona haya kwa niaba yake. Akajiambia jina ni wino tu. Wino! Mwanamke aliyeweza kutambua mbegu feki kwa kuziangalia tu, akaandika kwa mkono wake kwamba gari ni la mtu asiyejua hata kuliwasha.

Maana Derick, Mungu amweke pema, hakujua kuendesha na hakutaka kujifunza. Alikaa kushoto na suti yake, mkanda ameufunga, mikono juu ya magoti. Wakifika kanisani watu walimwendea yeye. "Mwalimu, gari lako linang'aa!" Naye hujibu, "Tunamshukuru Mungu." Basi, yamekwisha. Hakudanganya, hakusema ni lake, lakini la nani hakusema. Na wale wajinga waliondoka wakisifu jinsi mwalimu alivyomfundisha mkewe kumwendesha.

Kulinunua ilikuwa kazi ndogo. Kulitunza ndiko kulikomtoa jasho. Mwanzoni alilipeleka kwa Juvenali, fundi mwenye gereji chini ya mikaratusi pale mjini, hodari wa malori na pikipiki. Juvenali akafungua boneti, akang'oa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, akakitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu. "Mama, hiki wameweka kwa ajili ya nchi za baridi. Huku kwetu Afrika hakina kazi." Alisema hayo amevaa koti zito na kofia ya sufu, saa tatu asubuhi, ukungu bado umeziba kilima kizima cha Ngara! Kisha akamwaga dawa ya kijani ya kupoza injini iliyokuwa kwenye rejeta, akajaza maji ya bondeni. Maji ni maji, alisema.

Maji ni maji. Mwaka wa pili rejeta ikajaa kutu, injini ikachemka kwenye mlima, ikafa. Deodata alikaa juu ya jiwe kando ya barabara akalia kwa hasira, halafu akapanda pikipiki hadi gereji na kumwambia Juvenali mbele ya wateja wake, "Kuanzia leo wewe utanishikia spana tu."

Na kweli ikawa hivyo. Akaagiza injini nyingine Mwanza, ikaja juu ya lori la samaki. Wakasimamisha miti mitatu na winchi ya mnyororo, wakaitoa ya zamani, wakaitia mpya, yeye mwenyewe akiwa ndani ya ovaroli na simu mkononi, anatazama video ya Mzungu mmoja anayefungua injini kama ile. Tangu hapo hakuna aliyeligusa bila yeye kuwapo. Rejeta aliifunga yeye. Shokapu zote nne, yeye. Klachi ilimchukua siku tatu na kucha mbili. Turbo ilipoanza kutoa moshi wa bluu alijua kabla ya mtu yeyote, akaagiza nyingine, akaifunga.

Turbo ina masharti. Ukitoka kulikimbiza gari huzimi injini papo hapo, unaiacha ingurume dakika mbili turbo ipoe. Basi Deodata alikuwa akifika mahali anakaa kwenye usukani kimya, dakika mbili, mikono mapajani. Bukiriro nzima ikasema mama huyu anasali rozari kabla ya kushuka. Katekista alimtaja kanisani kama mfano wa kuigwa. Alipojaribu kueleza kuwa ni turbo, mawifi wakamwambia asiionee aibu imani yake. Akaacha kueleza. Mtu akiamua kuwa mjinga, akasema, msaidie tu kwa kukaa kimya.

Njia ya kwenda nyumbani aliitengeneza mwenyewe kwa jembe na mawe, maana kigari kile hakikuweza hata tuta la viazi. Alijua kila shimo hadi Kabanga, lipi linapitwa kulia na lipi linapitwa kimshazari, gurudumu moja moja, taratibu. Lakini Jumapili mchana, kwenye lami nzuri kuelekea Rusumo, barabara ikiwa tupu, alikuwa akikanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi, Derick akashika mkanda kwa mikono miwili na kusema, "Mama Nice, taratibu!" Naye alicheka. Alikuwa na furaha, hakuna neno jingine. Ni saa moja kwa wiki ambayo hakuwa mke wa mwalimu wala mama wa duka.

Derick alianguka darasani mwezi wa nne. Presha. Hakufika hospitali. Siku ya tatu baada ya mazishi kikao cha ukoo kikamteua Elick kuwa msimamizi wa mirathi, na siku ya kumi Elick akaja kuazima gari, ati ashughulikie mambo ya msiba Kabanga. Deodata akampa, kwa sababu mfiwa hana akili. Likarudi baada ya wiki, bampa limefungwa kamba ya katani, na juu ya kila springi vimepachikwa vipande vya tairi la lori ili lisimame juu.

"Shemeji, nimelinyanyua," Elick akasema akijipangusa mikono. "Lilikuwa limekaa kama mtu anayetafuta sindano."

Deodata alivitoa vipande vile jioni ile ile, kimoja baada ya kingine, machozi yakimdondokea. Tangu hapo ufunguo ukawa unakaa kifuani mwake. Elick naye hakuwa na haraka. Kadi alikuwa nayo, na siku ya kumaliza matanga ilikuwa inakuja.

Ikaja. Wakajaa uani kwenye mabenchi, katekista akamaliza sala, pombe ya ndizi ikazunguka. Mzee Nyandwi, baba mkubwa wa marehemu na mkubwa wa ukoo, akaanza kugawa. Koti jeusi kwa huyu. Baiskeli kwa yule. Redio, jembe, viatu vya kanisani. Kisha mzee akakohoa.

"Gari achukue Elick. Jina la Derick liendelee kuonekana barabarani. Wewe Mama Nice ni mwanamke, utahangaika nalo bure."

Utahangaika nalo bure! Na anayesema hivyo ni mzee aliyekimbizwa hospitali mara mbili na gari hilo hilo, mwanamke huyo huyo akiwa kwenye usukani, mara ya pili akiwa amemtapikia kiti. Watu wakaitikia kwa vichwa. Elick akainamisha uso kwa unyenyekevu wa uongo, mkono uko mfukoni, anaipapasa kadi.

Deodata akasimama. "Baba, nimesikia. Naomba tu nikumbushwe desturi yenu. Mjane anabaki na nini?"

Mzee Nyandwi alipenda sana kuulizwa desturi. Akajinyoosha. "Cha marehemu kinarudi ukooni. Alichotia mjane kwa mkono wake ni chake. Hata mwiko, sisi hatumnyang'anyi mtu mwiko wake."

"Na Irine?"

Irine ni dada yake Elick, aliolewa Kaniha, akafiwa mwaka juzi. Wakwe zake walipotaka nyumba, Elick mwenyewe alikodi Fuso, akaenda na nyundo, akang'oa milango, madirisha na bati zote, kwa kuwa Irine ndiye aliyezinunua. Akawaachia wenzake kuta. Alirudi anaimba, na ukoo huu huu ukamchinjia mbuzi kwa kutetea haki ya mjane.

"Shemeji," Deodata akamgeukia, "ile milango uliing'oa kwa haki au kwa wizi?"

"Ile ilikuwa mali ya dada yangu," Elick akasema kwa sauti, kisha akaonekana kutamani kulirudisha neno mdomoni.

"Haya. Juvenali yuko wapi?"

Juvenali alikuwepo, pombe ikiwepo hakosi. Akasimama na kata yake mkononi.

"Injini iliyomo ni ya nani?"

"Yako, mama. Ile ya mwanzo ilikufa."

"Ilikufa au iliuawa?"

Watu wakacheka, fundi akaangalia chini. Akataja yote, maana alikuwa ameshika spana: rejeta, betri, turbo, klachi, shokapu, matairi na rimu zake, viti baada ya mzee kutapika. Namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi, akaongeza bila kuulizwa, wala haikuwa ya injini ile. Elick akaitoa kadi, akaisoma kana kwamba anaiona leo.

Deodata aliingia ndani, akatoka na ovaroli juu ya nguo mpya aliyovalishwa siku hiyo, na sanduku la spana. Akapiga jeki. Wanaume wakacheka, mmoja akamwimbia. Gurudumu la kwanza likatoka, akaweka jiwe. La pili likatoka. Hapo kicheko kikaisha. Alifungua kila nati kwa mkono ule ule ulioikaza, na moyo ulimuuma vibaya sana; angekata kidole kabla ya kukata kamba ya breki ya gari lile. Alitamani mmoja wao, mmoja tu katika umati ule uliokuwa ukimwona miaka tisa amelala chini ya gari kwenye matope, asimame aseme basi, acheni, gari ni la huyu. Hakusimama mtu. Waliomsaidia walimsaidia kusogeza mawe.

"Mzee, mwambie aache!" Elick akapaza sauti alipoona rejeta inatoka.

Mzee Nyandwi alikuwa amefumba macho. "Nimwambie nini? Desturi nimeitamka sasa hivi, pombe haijakauka mdomoni. Wewe ndiye ulianza kung'oa milango."

Kesho kutwa yake miti mitatu ikasimamishwa uani, injini ikatoka na giaboksi lake, vikaingia sebuleni kwa Deodata vikafunikwa kitenge. Elick akaja na Fuso akabeba alichopewa: bodi jekundu, usukani na kadi. "Injini ziko tele," alisema akipanda. "Mwanamke hanitishi."

Injini ziko tele, naam, za gari jingine. Alizunguka Kabanga, akapiga simu Mwanza, akavuka hadi upande wa pili wa mpaka, na kila fundi alimwambia gari la namna hiyo ni adimu barabarani, vifaa vyake anavijua mama mmoja wa Ngara, muulize huyo. Miezi mitatu bodi likakaa mbele ya nyumba yake. Mkewe akaanikia maharage juu ya paa lake. Kuku wakataga kwenye nafasi ya kiti cha dereva. Wapita njia wakawa wanamwita msimamizi wa mirathi kwa namna ambayo haikuwa heshima hata kidogo.

Mwezi wa nne akatokea dukani kwa Deodata, kofia mkononi. "Habari za hapa, shemeji. Nimekuja tuzungumze. Nikuuzie lile bodi."

Deodata alikuwa anapima mbegu za maharage. Hakuinua kichwa. "Changu sikinunui."

Akaondoka amenuna. Wiki mbili baadaye akarudi, safari hii hata kofia hakuja nayo. "Basi twende tukaandikishe," akasema akiangalia mlango. "Lichukue."

"Utasema mwenyewe pale ofisini," Deodata akamjibu. "Mimi sitakusemea."

Wakaenda ofisi ya mapato asubuhi, foleni imejaa madereva wa malori na wafanyabiashara wa kahawa, nusu yao wanawajua wote wawili. Dirishani alikaa karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Akapokea karatasi za mahakama za usimamizi wa mirathi na kadi, akasoma, akamtazama Elick moja kwa moja.

"Mwenye gari ni wewe?"

Elick akageuka nyuma. Madereva wakasogea wasikie. Deodata akakunja mikono, akasubiri, na alikuwa tayari kusubiri mpaka jioni.

"Hapana," Elick akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa jino. "Ni la huyu mama. Alilinunua mwenyewe tangu mwanzo. Jina tu ndilo lilikuwa la kaka."

Ni hayo tu. Hayakuchukua hata nusu dakika, na dunia haikupasuka, na hakuna aliyemcheka mtu kwenye foleni ile. Deodata alikuwa amejiandaa kufurahi. Badala yake akaona macho yanajaa, na hasira iliyompanda haikuwa ya Elick tena. Elick mpumbavu, mwenye tamaa, mvunja milango, ameweza. Mwalimu Derick, mwenye maneno mazuri kuliko wote Bukiriro, alikuwa na Jumapili za miaka tisa pale mlangoni pa kanisa, na hakuweza hata moja.

Karani akaona machozi. Akavua miwani, akamlegezea sauti kama watu wanavyomlegezea mjane. "Pole, mama. Lakini ushukuru, alikupenda. Si wanaume wengi wanaomwachia mke gari."

Amesikia kwa masikio yake, dakika ile ile, na bado!

"Hakuniachia, dada," Deodata akasema. "Nilikuwa nampa lifti."

Ilimuuma kulisema. Alimpenda mume yule, na tangu amzike hakuwahi kumsema mbele ya mtu. Elick akageuza uso ukutani. Karani akavuta fomu, akauliza jina la mmiliki. Deodata akamtajia jina lake na la baba yake, Deodata Venance, herufi moja moja, na akasimama pale pale dirishani mpaka alipoliona limeandikwa.